Mpagani wa Sauti ya Nne

Imani ilinitoka kidogo kidogo, bila ugomvi, nikiwa bado nasoma. Besi ikabaki. Hadi leo wimbo wa kanisani ukianza popote, kwenye daladala au kwa fundi viatu, koo langu linaishika sauti ya nne kabla akili haijauliza tunamwimbia nani.

Lawama nampa mama. Jikoni kwetu hapakuwa na saa, kwa hiyo yai lilichemka kwa beti zote na viitikio vyake. Likitakiwa gumu, mama anarudia ubeti wa kwanza. Kitabu chake cha Tenzi za Rohoni kilikuwa na jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, na kurasa alizozipenda zilikuwa zimeng'aa kwa mafuta ya kupikia. Hizo zenye mafuta ndizo zilizoniganda kichwani.

Naupenda zaidi "Cha Kutumaini Sina". Maneno yake ya awali aliyatunga Edward Mote, fundi wa samani wa London, mwaka 1834. Jina peke yake lingetosha kuwa wimbo wa taifa wa sisi tusioamini. Shida ni mstari unaofuata, unaokipata cha kutumaini.

Na wala si mimi niliyeanza kupenda nyimbo za kanisani bila imani. Mwingereza Ralph Vaughan Williams alikuwa mkana Mungu ujanani, baadaye akawa mtu asiye na hakika kama Mungu yupo, na bado ndiye aliyehariri muziki wa The English Hymnal, kitabu cha nyimbo cha Waanglikana kilichotoka mwaka 1906. Ila yeye hakuwahi kukutana na akina mama wa kwaya za Dar es Salaam.

Mimi nilikutana nao msibani. Nilikuwa nimejikalia nyuma ya turubai, karibu na masufuria, kwaya ikauanza wimbo wangu huohuo. Besi yao nzima ilikuwa mzee mmoja mwenye mafua. Ubeti wa kwanza nilivumilia. Kwenye kiitikio uvumilivu ukanishinda, nikashuka nao mpaka chini kabisa, hata waliokuwa wakigeuza pilau wakasimamisha miiko.

Tulipotoka kuzika, mama mmoja mwenye sare ya kwaya akanifuata.

"Mwanangu, unasali usharika gani?"

"Mama, mimi sisali popote."

"Jamani! Kumbe mgeni, hujapata usharika! Hebu lete namba."

Jioni nikajikuta kwenye grupu la WhatsApp. Jumatano nikapimwa kifua kwa ajili ya joho la zambarau, nikalilipia. Baada ya mazoezi nikamvuta mwalimu wa kwaya pembeni, nikamweleza kila kitu, tangu shule mpaka leo. Akanisikiliza kwa utulivu, akakuna kidevu.

"Sawa, kaka. Lakini Jumapili utakuja? Tuna 'Aleluya' ya Handel, na mzee bado ana mafua."

Wiki jana wamenichagua mtunza hazina, bila mpinzani. Mwenyekiti alisema fedha za kwaya zinataka mtu mwenye hofu ya Mungu. Mwalimu akainama, akaanza kutafuta nota ambazo alikuwa amezishika mkononi.