Simu Inayolia Saa Kumi Usiku

Shangazi, tunaishi ndani ya yoti iliyotia nanga kwenye hori la Kilifi. Mume wangu hulala na simu kifuani. Kila mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, simu hulia saa kumi usiku, naye huchomoka na taulo kiunoni asirudi hadi kuche. Nikimuuliza ni nani, ananijibu, “Ni nanga.” Mimi si mtoto. – Mke wa Nahodha

Shangazi, mke wangu hanisemeshi. Isitoshe, nanga yangu imeanza kutambaa. Tuliingia saa nne asubuhi, nikapima maji mita 5, nikatoa mnyororo mita 25. Nina mita 60, lakini kila mita inayorudi huja na tope, na kuosha sitaha ni kazi yangu. Ninunue nanga nzito zaidi? – Nahodha

Wanangu, barua zenu zimefika siku moja zikinuka dizeli ileile, basi jibu ni moja. Binti, mumeo anasema kweli, na ushahidi umeuandika mwenyewe: hawara hapigi simu kwa kufuata mwezi. Anayefuata mwezi ni bahari. Pwani yetu bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, ya jioni na ya usiku, yakapwa mnamo saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Inaelekea mumeo aliingia saa nne ya siku kama hizo, maji yakiwa chini kabisa, akayapima kana kwamba yatabaki hapo. Kinacholia ni programu inayochora duara kuzunguka nanga na kupiga kelele chombo kikitoka nje yake.

Sasa wewe, bwana. Hesabu haianzii kwenye uso wa maji, huanzia pale mnyororo unapotokea omoni. Tuseme omo imeinuka mita moja na nusu: asubuhi ile ulikuwa na mita 6.5 za kwenda chini, na mnyororo wako ulikaribia mara nne ya kimo hicho, jambo linalovumilika kukiwa shwari. Maji yakipanda mita 3.5, kimo kinakuwa mita 10 na mnyororo ni uleule, mara mbili na nusu tu. Upepo mwanana hautakusumbua, kwa kuwa mnyororo hulegea na kulala chini kwa uzito wake. Lakini kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya chombo huwa mara nne. Kusi likikaza, mnyororo hunyooka. Hapo mita 25 huvuta mpini wa nanga kwa pembe ya nyuzi 24 hivi kutoka sakafu ya bahari, na 50 huuvuta kwa nyuzi zisizofika 12. Nanga inayovutwa kwa ulalo huzidi kuzama topeni, inayovutwa kwenda juu hung'oka. Toa 50.

Nanga nzito zaidi? Uzito husaidia, sikatai. Ila tangu mwaka 1933, Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge, alipobuni nanga ya CQR yenye umbo la jembe la plau, wenye yoti wamejua kwamba nanga ndogo inaweza kushika kwa kuchimba. Na haichimbi ikiwa imeinuliwa mpini. Utalipia chuma kipya huku mita 35 ulizokwisha kuzinunua zikishika kutu sandukuni.

Utaniambia wavuvi hutia nanga kwa kamba fupi na hawasombwi. Ngalawa ni nyepesi, haina kibanda cha kukinga upepo, huondoka baada ya saa chache, na mwenyewe yumo ndani macho makavu. Chombo chako ni nyumba, na mnataka kulala. Pingamizi la majirani lina uzito zaidi: mnyororo mrefu hupanua mzunguko, na maji yakigeuka vyombo havigeuki pamoja, kwani vyenye mkuku mrefu hufuata mkondo na vyenye viunzi viwili hufuata upepo. Ni kweli. Lakini chombo kinachotambaa hakina mzunguko wowote, kinaweza kufika kwa jirani yeyote. Aliyetangulia kutia nanga ndiye mwenye haki. Ukibanwa, hama wewe. Hori hilo lina nafasi, linapanuka hadi Bahari ya Wali.

Kuhusu tope sina huruma. Ndoo, brashi, na mke anayekusemesha watamaliza kazi hiyo kabla ya chai. Ongeza kamba ya nailoni kati ya mnyororo na omo, kwa sababu nailoni hunyumbuka na kupokea mishtuko ambayo chuma kilichonyooka hupeleka moja kwa moja kwenye nanga. Kisha msingoje usiku. Bamvua ijayo, saa kumi jioni, washeni injini na kurudi nyuma taratibu, mkiongeza nguvu kidogo kidogo. Binti atazame ubavuni vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la nyumba nyuma yake. Vikiendelea kuachana hata baada ya mnyororo kukaza, ng'oeni nanga, mtie upya.