Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Barabara Zetu

Mheshimiwa, Mtukufu, Baba yetu wa barabara za Bukavu,

Pokea salamu zangu za unyenyekevu, wewe, Mama, watoto, na gari lako ambalo vioo vyake hufungika vizuri.

Mimi raia mdogo wa Kadutu naanza kwa kukushukuru kwa vumbi. Kila kiangazi, Juni hadi Agosti, wamotari hulitimua na kutugawia sote bila ubaguzi: Kadutu, Ibanda, Bagira. Bila ukarimu huo nisingejali kujua kilichomo ndani ya uso wangu.

Ndani ya mifupa ya uso, Mtukufu, mna matundu ya hewa yaitwayo sinusi. Yametandikwa utando unaoungana na ule wa pua, ila mwembamba zaidi. Chini ya hadubini huonekana seli ndefu zilizobanana. Viini vyake hupishana juu na chini hata ukadhani ni tabaka nyingi, kumbe zote zimekanyaga msingi mmoja. Juu ya seli hizo husimama vinyweleo vingi mno, silia, visivyofika hata mikroni 10 kwa urefu. Kati yake zimo seli zenye umbo la kikombe, zinazotoa ute wa kunasa vumbi na vijidudu. Silia hupiga kwa mawimbi, mara 10 hivi kwa sekunde, zikiusukuma ute kwenye mlango wa kutokea puani. Katika sinusi ya shavuni mlango huo uko juu, kwa hiyo mzigo hupandishwa mlima.

Asante pia kwa kutozisumbua silia hizo kwa mshahara. Salongo yetu, kazi ya pamoja ya usafi, ni ya Jumamosi. Yao haina siku. Vumbi na moshi wa makala vikizidi, silia hulegea, seli za ute huongezeka, mlango huziba, na mama muuza samaki wa sambaza hushinda sokoni akishika paji la uso. Najua una mambo makubwa kuliko kichwa chake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sithubutu kuomba lami. Naomba tu utie sahihi amri ya kuziandikisha silia za wakaaji wote wa Bukavu ziwe watumishi wa usafi wa mji, zilipwe malimbikizo tangu tulipozaliwa, na zipewe likizo kila kiangazi. Zikiwa likizoni, tafadhali uje wewe mwenyewe kushika zamu, na ufagio usiozidi mikroni 10. Pua zetu zitakuwa wazi kukupokea.

Mtiifu wako daima,
Raia wa Kadutu