Medali za Kwenye Kochi
Kila baada ya miaka minne Watanzania tunagundua kwamba tuna wanariadha. Ugunduzi huo hutokea siku ya kukabidhi bendera, mgeni rasmi akiwaagiza vijana wasirudi mikono mitupu, kana kwamba dhahabu waliisahau tu huko nje. Medali zetu zote za Olimpiki ni mbili, za fedha, za Moscow 1980: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Waliozaliwa mwaka ule, baadhi yao sasa wanaitwa babu.

Rio 2016, Alphonce Simbu akawa wa tano kwenye marathoni. Wa tano duniani! Mtaani wakasema kazembea kilomita za mwisho. Msemaji mwenyewe hupanda bodaboda kwenda kununua vocha. Tokyo akawa wa saba, Paris wa 17, nasi tukazidi kununa; ametuaibisha, eti.

Septemba 2025 Simbu huyohuyo akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo tena, akimpiku Mjerumani kwa sekunde 0.03. Papo hapo akawa kijana wetu, tuliyemwamini tangu zamani. Dhahabu ya Los Angeles 2028 tumeshampangia. Viatu atajua mwenyewe.