Kadi Mbili, Mita Moja

Kitu kikishachokwa na ulimwengu, ndipo huanza safari ya kuja Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura. Gari ambalo Mjapani ameliona zee, friji iliyotolewa nje na tajiri wa Dubai, simu ambayo mwenyewe ameshanunua tatu nyingine baada yake: vyote hupita Dar es Salaam, vikapumzika Kariakoo, kisha vikapanda basi au vikateremka Kigoma na kufuata ziwa, mpaka vinatufikia na vumbi lao na bei yao ya kuzungumzika. Silalamiki. Nusu ya nyumba yangu imesimama kwa vitu vya namna hiyo. Ila safari hii kimetufikia kitu ambacho arobaini yake ilikwisha kusomwa huko kitokako, na mpwa wangu akakipokea kwa mikono miwili.

Mpwa wangu ana kompyuta ya michezo. Yeye huiita "mashine", na huisafisha kwa brashi ambayo viatu vyake vya shule havijawahi kuiona. Ndani yake mna kadi ya michoro ya NVIDIA, GeForce GTX 970, iliyotoka Septemba 2014, yeye mwenyewe akiwa bado anabebwa mgongoni. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo: nyasi za uwanja, jasho la mchezaji, moshi wa gari linaloungua. Kwa miaka ilimtosha. Halafu mtu akamwambia kwamba kadi za aina ile zinaweza kufungwa mbili katika mashine moja zikasaidiana kazi. Tangu siku hiyo hakulala, na sisi tunaokaa chumba cha pili hatukulala vilevile.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, ukiwa na mbili unaziunganisha, moja inachora mistari ya witiri ya picha na nyingine mistari ya shufwa. Mwishoni mwa 2000 3dfx ikaishiwa pumzi na kukubali kuuza mali zake kwa NVIDIA, ambao mwaka 2004 waliufufua mtindo huo kwa herufi zile zile tatu, SLI. Washindani wao ATI nao mwaka uliofuata wakajibu kwa CrossFire. Kwa miaka kumi hivi kijana mwenye kadi mbili alikuwa mtu mbele za watu. Lakini kila mchezo mpya ulihitaji kuandaliwa upya ili uzitambue kadi mbili, na watengenezaji wakaona wanahangaika kwa ajili ya wateja wachache. Mwaka 2020 NVIDIA wakatangaza kuwa kuanzia Januari 2021 hawataongeza tena maandalizi hayo kwa kadi zao za zamani. Kadi za michezo walizozitoa mwaka 2022 hazina hata mahali pa kuziunganishia.

Hapo ndipo kadi za pili ziliposhuka bei, na moja yao ikashika njia ya kuja kwetu.

Nilipoisoma habari yake nikaona 970 ina historia nyingine ya kuchekesha. Iliuzwa kama kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, kumbe nusu gigabaiti ya mwisho ni ya mwendo wa kobe. Wanunuzi wa Marekani wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 NVIDIA wakakubali kuwalipa dola 30 kila mmoja kwa kila kadi. Nikamuuliza mpwa wangu kama hizo dola 30 huhama pamoja na kadi inapouzwa. Hakucheka. Watu wenye mradi hawana ucheshi.

Bodi kuu ya mashine yake, kwa bahati, ilikuwa na nafasi za kadi zaidi ya moja. Kilichokosekana ni umeme wa ndani. Kila 970 hula wati 145 inapofanya kazi kwa nguvu. Mbili ni 290, na bado hujaipa kitu prosesa. Alikwenda akanunua pawa saplai iliyoandikwa wati 750 kwa maandishi ya dhahabu. Kabla ya kuifunga tukaipeleka kwa fundi. Na fundi wa Buyenzi, kwa asiyepajua, ni wa magari. Kule injini hulala barabarani mchana kutwa na watu huziruka wakienda msikitini. Huyu wetu hushughulika na alternata, na msimamo wake ni kwamba umeme ni umeme, uwe wa Toyota au wa Amerika.

Akaiweka ile pawa saplai kiganjani, akaipandisha na kuishusha.

"Nyepesi," akasema.

"Lakini imeandikwa 750, baba," mpwa wangu akajibu.

"Mwanangu, kuandika hakuna uzito. Shaba ina uzito."

Akaifungua. Ndani mlikuwa na nafasi ya kutosha kupangisha. Koili mbili nyembamba, kipande cha aluminiamu, na hewa. Tangu hapo nimeamini kuwa maduka yote ya vifaa yangeweka mzani mlangoni, heshima ingerudi katika biashara. Fundi mwenyewe ndiye aliyetutafutia nyingine, nzito ya kweli, iliyotoka kwenye mashine ya mradi fulani uliokwisha fedha. Bujumbura miradi huisha, vifaa hubaki.

Kadi ya pili ilipotaka kuingia ikagonga kijumba cha chuma cha kushikia diski. Mtaalamu wa kompyuta angefungua skrubu nne. Fundi wetu alileta grainda. Cheche ziliruka mpaka ukutani, watoto wa mtaa mzima wakaja kukaa mstari wa mbele, na baada ya muda mfupi kijumba kikawa mkononi mwake, kimekatwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Dada yangu, mama wa kijana, alikichukua bila kuuliza. Sasa hivi kinakausha vijiko.

Kumbe bado kuna kitu kimoja. Kadi hizi haziungani kwa kukaa karibu tu; lazima juu yake pakae kiungo, kijikanda cha kidole kimoja chenye tundu kila upande. Kiungo hicho kilikuwa kikija ndani ya boksi la bodi ikiwa mpya, na boksi ndicho kitu cha kwanza kutupwa duniani. Zamani tungeambiwa twende soko kuu, maana soko kuu lilikuwa na kila kitu pamoja na visivyo na jina. Lakini soko lile liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na tangu hapo mtu anayetafuta kitu kidogo mjini hukitafuta kwa miguu. Tulizunguka maduka ya Quartier Asiatique. Muuza duka mmoja alitupa waya wa televisheni. Tulipokataa akatupa waya wa printa. Tulipokataa na huo akatupa chai, ambayo tuliipokea. Mwishowe kiungo kililetwa na mama mmoja anayekwenda Kariakoo kufuata vitenge. Alikikunja ndani ya doti, na alivyokitajia bei mtu angedhani ni cha kuvaa shingoni.

Jioni ya kuwasha nyumba ilijaa. Dada yangu huuza juisi na barafu, kwa hiyo watu wa kwetu hawakosi sababu ya kuingia. Alikuwapo jirani yetu, mzee mwenye wake wawili, amekaa barazani na tasbihi yake. Bi Mdogo wake alikuja kununua juisi ya maracuja, akasimama mlangoni kuangalia.

Mashine ikawaka. Kadi zote mbili zikatambuliwa. Nikauliza swali ambalo kila mlipaji angeuliza: je, sasa tuna gigabaiti nane?

"Hapana, mjomba. Zinabaki nne."

"Nne na nne?"

"Kila kadi lazima iwe na nakala yake ya vitu vyote. Kilichomo humu ndicho kilichomo humu. Hazichangii."

Nilikuwa natafuta la kusema nisimvunje moyo, Bi Mdogo akanitangulia.

"Mnashangaa nini? Nyumba mbili, kila nyumba sufuria lake, chumvi yake, mkaa wake, na anayekula ni mtu mmoja. Mmesikia lini ameshiba mara mbili?"

Mumewe barazani akaanza kuhesabu tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mpwa wangu, kwa kutaka kuitetea teknolojia, akaeleza kwamba faida iko kwenye zamu: kadi ya kwanza inachora picha moja, ya pili inachora inayofuata, hivyo hivyo kwa kupokezana, mara kadha wa kadha kwa sekunde.

"Na zamu zinalingana?" akauliza Bi Mdogo.

Kijana akanyamaza, kwa sababu hazilingani. Huo ndio ugonjwa maarufu wa kadi mbili: picha ni nyingi zaidi, lakini nyingine inawahi na nyingine inachelewa, na jicho likaona mkwamo mdogo mdogo ambao namba za kwenye kioo haziuonyeshi.

"Hazilingani kamwe," Bi Mdogo akajijibu mwenyewe, akachukua juisi yake, akaenda zake. Ningekuwa mkuu wa chuo ningempa somo hilo alifundishe.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mpira. Kadi ya pili haikushughulika nao hata kidogo. Feni zake zilisimama tuli, ikaangalia mechi pamoja na sisi wengine. Mpwa wangu akahamia mchezo wa GTA V, uliofika kwenye kompyuta mwaka 2015, enzi ambayo kadi mbili bado zilikuwa na wenyewe, na hapo kweli mambo yakabadilika. Picha ziliteleza, barabara za mchezoni zikang'aa, na sisi tulioishi na mashimo ya zetu tukavuta viti mbele.

Joto likaja. Mji wetu umekaa kando ya ziwa, na usiku wa kabla ya mvua hata ukuta hutoka jasho. Kadi ya juu ilikuwa inavuta pumzi ya moto inayotolewa na ya chini, mpaka ikapita nyuzi 80. Kijana akasimama, akachukua feni ya sebuleni iliyokuwa inanipepea mimi, akaielekeza kwenye mashine. Sikusema neno. Umri umenifundisha kujua nani mgeni wa heshima ndani ya nyumba.

Halafu mita ikaanza kulia. Mita zetu ni za kulipia kabla, Cash Power, na sauti yake dada yangu huitambua hata akiwa usingizini. Akatoka jikoni akisoma namba zilizobaki, akalitazama friza lake la barafu, akaitazama ile mashine yenye taa za buluu, akatangaza ratiba papo hapo: kadi ya kwanza wakati wowote, ya pili baada ya barafu kuganda. Kuna aliyetaja jenereta. Tukamwangalia kwa huruma. Katika mji ambao watu wamelala kwenye foleni za petroli ndani ya magari yao, nani atamwendea muuzaji akamwambia lita hizi ni za kukimbizia gari la kwenye kioo?

Ratiba haikupata nafasi ya kuanza. Umeme wa mtaa mzima ulikatika gari likiwa linaruka daraja, na baraza zote zikasema "aaah" kwa pamoja. Ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa hasira. Stabilaiza ikapiga kelele ikazima kila kitu. Tulipowasha tena taratibu vyote vilikuwa vizima, na barafu ilikuwa haijaganda.

Nikadhani kijana atakata tamaa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, tochi ya simu mdomoni, anachungulia pale kiungo kilipokaa.

"Mjomba, njoo uone. Kila kadi ina meno mawili ya kuungia. Sisi tumetumia jino moja moja tu." Akaitoa simu mdomoni. "Maana yake ya tatu inaingia."

Upande wa pili wa ukuta, sauti ya Bi Mdogo ikasikika:

"Semeni polepole! Mume wangu yuko macho."