Shemeji na Alumini ya Buluu

Kuna watu ukiwaonyesha kipande cha alumini chenye rangi ya buluu, akili inahama. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mmoja wao. Kwa mambo mengine ni mtu makini, tena bahili: nauli ya bajaji huibishania mpaka dereva anawasha chombo aondoke zake. Lakini mbele ya spea ya gari la rimoti iliyochongwa ikang'arishwa, hana ubavu.

Magari yetu ni mapacha. Yote mawili ni Tamiya TT-02, chasisi iliyotoka mwaka 2013, ya kipimo cha moja kwa kumi, mota moja ikizungusha magurudumu yote manne kupitia shafti ya katikati. Tuliagiza pamoja ili tugawane gharama ya usafiri, tukayaunga sebuleni kwangu Tabata, na jioni ile yalilingana kila kitu isipokuwa stika. Ni gari la kuanzia, na limefungwa vitu vya kuanzia: bushi za plastiki mahali pa beringi, na shokapu zisizo na mafuta, yaani springi na kijiti vinavyosuguana tu. Kwa sakafu ya ukumbi vinatosha. Orodha ya vipande vya kuongeza nayo ni ndefu, na hapo ndipo ndugu wawili wanapoachana njia.

Mimi nilianza na beringi. Mtaa wetu hauna lami, na vumbi lake ni laini, linapenya hadi ndani ya friji. Likiingia kwenye bushi ya plastiki linageuka msasa; linakula bushi, kisha linahamia kwenye ekseli. Beringi inayotumika sana kwenye gari hili ina tundu la milimita 5, kipenyo cha nje cha 11 na unene wa 4. Ukiiagiza kwa jina la gari, unalipia na picha ya gari iliyo kwenye pakiti. Ukiiagiza kwa namba wanayoitumia wauza beringi wenyewe, MR115-2RS, inakuwa beringi tu, na bei inashuka. Ile 2RS ya mwisho ndiyo ya kukazania, maana ndiyo inayokuambia kuwa kuna kinga ya mpira pande zote mbili.

Kwanza nilijaribu Kariakoo. Muuzaji akaiweka sampuli kwenye ncha ya kidole, akaiinua juu kwenye mwanga. "Mzee, hii ni beringi au hereni?" Akamwita mwenzake. Mwenzake akaita wa duka la pili. Ilipofika zamu ya muuza kahawa kuitazama, nikaomba sampuli yangu, nikarudi nyumbani kuagiza kwa mtandao.

Zilipofungwa, hakuna aliyeona tofauti kwa macho. Ila mota ilikuwa inarudi ikiwa vuguvugu badala ya kuunguza vidole, na betri ile ile ikawa inasukuma muda zaidi. Nilimweleza shemeji yote haya kwa utaratibu. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza zinapatikana za rangi gani.

Yeye alikuwa ameanza na shokapu za alumini, na kusema kweli hapo hakukosea. Shokapu za mafuta ni badiliko ambalo gari linalihisi siku hiyo hiyo, hata zile za bei nafuu zenye mwili wa plastiki. Linaacha kurukaruka kwenye makokoto na kuanza kushika njia. Ila mafuta yake ya silikoni huuzwa kwa kichupa pembeni, na shemeji, baada ya kumaliza hela kwenye buluu, aliona kichupa ni anasa. Akatia mafuta ya mtoto. Mafuta hayo asili yake ni mafuta ghafi, na oringi nyingi za shokapu za namna hii haziyapendi: zililegea, zikavimba, zikaanza kuvujisha. Vumbi likapata pa kunata. Kwa wiki nzima gari lilipita mtaani likinukia kliniki ya watoto.

Kilichofuata ni mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, ya alumini. Mikono ya plastiki ina tabia nzuri isiyosifiwa: ikigonga kitu inapinda, kisha inarudi. Ikizidiwa inavunjika, unatoa skrubu chache, unaweka mwingine wa bei ndogo. Alumini haina mambo hayo. Ikipinda imepinda, na kabla haijapinda inaupeleka ule mshindo kwa jirani. Shemeji aligonga ukingo wa mtaro. Mkono ukatoka salama, buluu yake haijachubuka, akauonyesha watu. Kilichopasuka ni sehemu ya plastiki iliyokuwa imeushikilia.

Akaimarisha na hapo. Mshindo ukasogea mbele, ukafika kwenye sevo, kile kimota kinachokunja magurudumu. Sevo hukaa nyuma ya kipande chenye springi ambacho kazi yake yote duniani ni kulegea gari likigonga, ili gia za ndani zisinyolewe. Kweli, kile kinachokuja na gari kimelegea kupita kiasi, na kipo kigumu zaidi cha kubadilishia ambacho ni fedha iliyotumika vizuri. Shemeji hakukitaka kigumu zaidi. Alitaka kisicholegea kabisa, mkono mtupu wa alumini. Mtaro ukampata tena, na gia za sevo zikageuka chengachenga.

"Unaona?" akaniambia. "Sevo yenyewe ndiyo dhaifu." Akaagiza sevo yenye gia za chuma.

Huwa nayakumbuka magari ya Safari Rally ya zamani, yenye vyuma vya kuzuia wanyama mbele na bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Hayakuwa mapambo. Kulikuwa na ng'ombe, na kulikuwa na mito. Mtaa wetu una vumbi, kuku na mtaro mmoja ambao haujahama tangu tuhamie. Mtu akinionyesha spea mpya, huwa namuuliza itapambana na kipi kati ya hivyo vitatu.

Mota isiyo na brashi, kwa mfano, ilipambana na kuku. Iliondoka na kasi ambayo rimoti mkononi mwa shemeji haikuwa imeizoea, ikapita kati ya miguu ya jogoo wa jirani, na gari likasimama kwenye karai la dagaa. Jirani alidai fidia ya dagaa. La jogoo alilisamehe kwa sababu jogoo alikuwa anacheka, alisema. Mota hiyo ilidai na betri mpya ya lithiamu, lipo ya seli mbili, volti 7.4, ambayo haichajiwi kwa chaja ya zamani ya nikeli na ambayo ikivimba haina mjadala, inastaafishwa. Mke wake aliposikia kwamba betri za aina hiyo zimewahi kuwaka moto, alitoa amri: ichajiwe uani, juu ya matofali, ndani ya chungu, na yeye akae hapo hapo aitazame. Kwa hiyo jioni ukipita utamkuta shemeji kwenye kigoda, feni ya kupepea mkaa mkononi, akipepea chungu kisicho na moto.

Spea yenye thamani kuliko zote sijaitaja, na haifungwi kwenye gari. Ni bisibisi. Skrubu za Tamiya zina nyota ya vipimo vya Kijapani, JIS, na bisibisi yetu ya nyota ya kawaida inaonekana kuziingia, kumbe inaelea, inazinyoa vichwa. Nimenunua moja inayotosha. Shemeji huiazima kila Jumamosi.

Jumamosi iliyopita alikuja na habari za skrubu za titani. Gari zima, zote. Nyepesi, hazishiki kutu. Nikamuuliza zitapunguza uzito kiasi gani. Akakuna kidevu, akasema gramu kadhaa. Nikalichukua gari lake mezani, nikalipindua, nikaligonga mgongoni. Chasisi hiyo ina umbo la bafu, na bafu hushika. Ukamwagika mchanga, kokoto mbili, unyoya, na kichwa cha dagaa.

Shemeji aliukusanya ule mchanga kwa kiganja, akaupima kwa macho muda mrefu. Kisha akauliza kama nina mizani ya kupima gramu, au tuagize.