Meneja Tumeshamng'oa

Huko Uingereza, mwenye fleti ya mkataba wa miaka 99 akichoka kutozwa ada nono ili balbu ya ngazini ibadilishwe, sheria ya 2002 inampa njia: aungane na majirani, waunde kampuni yao, wachukue usimamizi wa jengo. Wala hawatakiwi kuthibitisha kosa la mwenye jengo. Kinachotakiwa ni wanachama kutoka angalau nusu ya fleti. Nusu! Watu waliopishana kwenye lifti miaka nenda rudi bila hata salamu sasa wanapigiana hodi saa ya chakula, fomu mkononi, tabasamu hadi masikioni.

Basi wakashinda. Mwenye jengo naye, kwa sheria hiyo hiyo, ana haki ya kuwa mwanachama wa kampuni iliyompokonya usimamizi. Haya, asogezewe kiti. Paa bado linavuja. Yule aliyepiga kelele kuliko wote kuhusu ada ndiye mkurugenzi, na barua yake ya kwanza inasema ada imepanda. Lipa tu, jirani. Safari hii bosi ni wewe.