Ngumi Nane za Jina Langu

Nani aliwashauri wazazi wa Burundi kumpa mtoto mchanga sentensi nzima iwe jina? Mimi ni Ntakirutimana: hakuna kimpitacho Mungu. Nakubali. Lakini vidole vyangu vinamlilia huyo huyo Mungu.

Fundi wangu wa nguo hapa Buterere ni kiziwi, na hafungui daftari la wateja mpaka uandike jina lako hewani, herufi kwa herufi. Kalamu anayo, imechomekwa sikioni, hakupi ng'o. Hoja yake ni kwamba yeye ameisoma midomo yetu maisha yake yote, basi na sisi herufi 26 zitatuua?

Zinaua. Kwenye alfabeti hii ya mkono mmoja, A ni ngumi, dole gumba ubavuni. T ni ngumi, dole gumba likichungulia kati ya kidole cha shahada na cha kati. N ni ngumi, dole gumba chini ya vidole viwili. M, chini ya vitatu. Jina langu lina herufi 13, na nane ni ngumi! Juzi najitambulisha, kijana wa baiskeli akaegesha ili atazame pambano. Binti wa fundi naye: "Mzee, mbona unajiita Mtakirutimama?"

Wa kulaumiwa ni Juan Pablo Bonet, aliyezichapisha herufi za namna hii Hispania mwaka 1620, nchi ya akina Ana na Luis. Laurent Clerc, kiziwi Mfaransa, akavuka nazo bahari kwenda Marekani mwaka 1816. Kutoka huko akaja Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi pia, akaanza kufungua shule za viziwi Ghana mwaka 1957, kisha nchi kadhaa za Afrika. Kote huko hakuna aliyewafikiria akina Ntakirutimana.

Warusi wana herufi 33, nao hutumia mkono mmoja. Waingereza ndio balaa: mikono yote miwili. Ukitoka sokoni na kapu la lengalenga, umekuwa bubu.

Kinachoniudhi zaidi, viziwi wenyewe hawajisumbui kuandika jina la mtu kila mara; wanampa ishara moja. Yangu ni kiganja kikizunguka tumbo.

Wajawazito wa Buterere, nawasihi: Keza ni jina zuri, na lina herufi nne tu.